Siku Niliyokanyagwa Pamoja na Ndizi

Leo nimeadhirika, jamani. Nimeadhirika mpaka nyuki wamenihurumia.

Nawaandikia mbiombio kabla jua halijazama, kwa sababu wapagazi wa kahawa wanaondoka alfajiri kuja huko Bukoba, na midomo yao naijua. Wakifika mtasikia kwamba Hamisi wa Kituntu amelewa, amepigana na wakwe zake, tena amelala ndani ya chombo cha watu. Uongo mtupu! (Hilo la mwisho lina ukweli kidogo.) Afadhali mlisikie kwangu mimi mwenyewe. Karatasi ikiwanata vidoleni, msishangae. Nimeoga, nikaoga tena, na bado nanata.

Mnajua kwamba namposa Kemilembe, binti wa Mzee Kaijage, mwenye migomba ile mikubwa nyuma ya kilima. Posa ilipelekwa kabla ya mvua. Mzee hakukataa, wala hakukubali. Siku moja akaja dukani, akaangalia majora ya marekani, akaangalia vikombe vya bati, akaangalia shanga, akatikisa kichwa.

"Bwana Hamisi," akasema, "tangu baba yako afungue duka hili, nyumbani kwangu hakuna anayeponda magome kuwa nguo. Wote wanavaa nguo zako. Sisi tunajua vitu vyako vyote. Wewe vyetu unavijua?"

"Navijua, mzee."

"Nionyeshe."

Basi! Posa ikageuka mtihani. Mimi kwa kiherehere changu nikamwambia nitavipanga vyote barazani kwangu, vitu vya nyumbani vya tangu enzi za babu zao, aje avione, aniulize kimoja kimoja. Nikijibu vizuri, napewa mke. Nikishindwa, nabaki na Ami Nasoro na ukoko wake wa wali.

Nikazunguka nyumba kwa nyumba nikiazima. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. "Mswahili ametuuzia vipya, sasa anataka vikuukuu!" Lakini walinipa. Nikapata jembe la chuma lililolika likabaki dogo kama ulimi. Nikapata vibuyu na mirija yake, na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile anayokaribishwa nayo mgeni. Nikapata kyanzi, chombo cha mti cha kuwekea maziwa, ambacho hakijaonja maziwa tangu sotoka ilipomaliza ng'ombe. Nikapata nyundo ya mti yenye michirizi, ya kupondea magome. Nikatandika nyasi mbichi baraza nzima kama wanavyotandika wao akija mgeni wa heshima, nikavipanga. Vilipendeza, wallahi. Nilikuwa nikipita, narudi, navitazama tena.

Katikati kabisa, juu ya kigoda, niliweka nguo ya gome ya marehemu bibi yake Kemilembe. Hiyo sikuiazima. Mama mkwe mwenyewe aliituma kwa mkono wa mwanawe, na neno moja tu: "Aitunze."

Sasa ninyi wenyeji mnajua, lakini Salumu amefika juzi kutoka pwani, nimweleze. Huku mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Hawaonani! Mkikutana njiani, mmoja anaingia migombani na kugeuka mpaka mwenzake apite. Na kabla ya ndoa ndiyo usiseme. Kuna kijana wa Kiruruma aligongana na mama mkwe wake kisimani, akamtumbulia macho, akamwamkia kabisa. Posa yake ilirudi siku ileile. Mpaka leo anajipikia.

Kwa hiyo nilipanga kwa akili. Leo waje wanaume: Mzee Kaijage na wanawe wawili, Mushobozi na Mugisha. Kesho waje wanawake, na mimi kesho nisiwepo, niende zangu Nyabiyonza kutazama kahawa. Mambo safi. Nikamweleza na Ami Nasoro, yule ndugu yake baba aliyetoka Pangani kunisaidia dukani. Ami anaweza kuitambua nguo gizani kwa kuigusa tu. Ila ndizi ya kupika na ndizi ya pombe kwake yeye zote ni ndizi, na mila za huku kwake ni kelele.

Leo basi. Nimevaa kanzu nyeupe, imefuliwa, imepigwa pasi. (Ikumbukeni hiyo kanzu.) Nimesimama barazani. Naona Mzee Kaijage anakuja na fimbo yake, wanawe wamebeba matenga vichwani, majirani wanafuata. Nyuma yao naona wanawake. Mbele ya wanawake naona mama mmoja mrefu, amejitanda kaniki, anatembea taratibu kama mwenye shamba.

"Ami, yule nani?"

"Yule? Si mama yake Kemilembe."

"Anakuja leo?"

"Alituma mtu jana kuuliza kama anaweza kuja leo, aone nguo ya mamake ilivyowekwa. Nikasema karibu. Mgeni unamkataaje?"

"Ami!"

"Nini?"

"Ami, umeniua!"

Nikakimbilia mlango wa duka. Haufunguki! Bidhaa zote za barazani nilikuwa nimezisukumia ndani ili kupata nafasi, zimeukaba mlango, mkono tu unaingia. Kushoto ukuta. Kulia uwanja mweupe, na wao wameshaingia uwanjani. Nikizunguka nyuma, naonekana. Nikibaki, naonekana. Kemilembe anapotea hivihivi namwona!

Mwisho wa baraza kulikuwa na obwato. Salumu, obwato ni ule mtumbwi wa gogo moja wa kukanyagia ndizi mbivu zitoe maji ya pombe, mtu mzima anaenea amelala. Mimi nilienea. Nilikuwa nimeutandika majani ya mgomba kama inavyotakiwa, ili kila kitu kiwe kamili. Nikaruka ndani, nikalala chali, nikajifunika majani.

"Ami, waambie nimeitwa Nyabiyonza!"

"Niseme uongo?"

"Ami!"

"Haya, haya."

Humo ndani kulikuwa na harufu ya pombe ya miaka yote. Nikatulia. Nikasikia fimbo ya Mzee Kaijage ikigonga ngazi ya baraza.

"Mwenye mtihani wake yuko wapi?"

"Ameitwa Nyabiyonza," akasema Ami. "Ghafla."

"Siku ya leo?"

"Ghafla sana."

Halafu Mzee akasema neno lililonitoa jasho. "Basi tuonyeshe wewe. Nyinyi ni nyumba moja. Ukijua wewe, amejua yeye. Usipojua wewe, tumemaliza."

Ami Nasoro! Jamani, Ami Nasoro ndiye anishikie posa yangu!

Nikamsikia anaokota kitu. "Hii," akasema, "ni nyundo ya kuwatishia watoto watukutu."

Watu wakacheka. Mzee hakucheka.

"Na hiki ni chombo cha kuwekea tumbaku."

"Maawe!" mwanamke mmoja akapiga kelele, ndivyo wanavyomlilia mama huku mambo yakiharibika. Kyanzi cha maziwa kutiwa tumbaku! Hata mimi nilitaka kulia. Nikagonga ubao kwa ukucha. Ami akasogea.

"Maziwa!" nikanong'ona. "Cha maziwa! Kinafukizwa kwa moshi wa nyasi, maziwa yapate harufu nzuri!"

Ami akakohoa. "Nilikuwa nataka kuona kama mnasikiliza," akasema. "Hiki ni cha maziwa. Kinafukizwa kwa moshi wa nyasi."

"Hm," akasema Mzee. ("Hm" ya Mzee Kaijage kwa mtu mwingine ni vigelegele.)

Tukaenda hivyo. Ami anachukua kitu, anakuja nacho kwangu, anainama kama anayerukuu, anasikiliza, ananyanyuka, anaeleza. Nyundo ikarudi kuwa ya magome. Jembe likapata historia yake, na mhunzi aliyelifua. Kahawa ya kutafuna ikaelezwa inavyochemshwa, inavyokaushwa, nani anaanza kupewa. Ami akaanza kuona raha, sauti ikanenepa, akaanza na kutembea kwa maringo. Mwanamke mmoja akauliza kwa nini kila mara anainamia kwenye obwato. "Mgongo," akasema Ami. "Ukiinama hapa unapoa."

Halafu nikasikia sauti nisiyoijua, ya chini, ya upole.

"Na hii nguo?"

Nikajua ni yeye.

Ami akaja, akainama. Hapa sikumung'unya maneno. "Mwambie gome lilibanduliwa kwa uangalifu, na mti ukafungwa majani ya mgomba upone. Mwambie mti wenyewe bado upo, nyuma ya nyumba ya marehemu mama yake. Nilikwenda kuuona. Kovu lake linaonekana mpaka leo."

Ami akalisema lote, neno kwa neno.

"Alikwenda kuuona mti?" akauliza mama mkwe.

"Alikwenda."

"Nani alimtuma?"

Ami akainama. Akanyanyuka. "Hakutumwa na mtu."

Nilimsikia mama mkwe akipenga kamasi kwenye kaniki. Jamani, nilifurahi humo ndani! Nilifurahi hadi machozi yakanitiririkia masikioni. Nimelala kwenye gogo, mchwa ananitembea shingoni, nami najiona nimeshaoa. Nikaanza kufikiri tutapika wali wa pishi ngapi.

Ndipo fimbo ikagonga ubao. Go! Karibu kabisa na sikio langu.

"Kimebaki hiki," akasema Mzee.

Ami alikuwa ameshalewa sifa, hakusubiri nimwambie. "Huu ni mtumbwi wa kuvukia mto!"

Wakacheka wote, safari hii na Mzee alicheka kidogo puani. "Ngoja nikusaidie," akasema. "Kitu hiki hakielezwi kwa mdomo. Mushobozi, Mugisha! Leteni ndizi."

Kumbe yale matenga! Wamekuja na ndizi mbivu kabisa, zawadi, na nia ya kuukamua mtihani wangu mpaka tone la mwisho.

Ami akashtuka. "La! Haiwezekani! Kwenye baraza ya Mwislamu hapakamuliwi pombe!"

"Pombe iko wapi? Mtama haujatiwa. Haya ni maji matamu tu, hata mtoto mchanga anakunywa."

"Matamu?"

"Kuliko asali."

Nikamsikia Ami akimeza mate. (Ami anapenda kitu kitamu kuliko anavyonipenda mimi.) Kisha nikasikia sauti yake juu yangu, kwa huzuni: "Subira, mwanangu. Subira."

"Unamwambia nani?" akauliza Mzee.

"Najiambia mwenyewe."

Wanawake wakaanza kumenya. Nilisikia maganda yakianguka, na soga, na vicheko. Nikawaza. Nikitoka sasa, natumbuliana macho na mama mkwe na Kemilembe ameondoka. Nikikaa, nitalowa. Nikajiuliza, kwani ndizi zimewahi kumuua nani? Nikakaa.

Wakamwaga. Yarabi! Ndizi zina uzito, jamani, msidanganyike na moja moja. Tenga la kwanza kifuani. La pili tumboni na miguuni. Juu yake wakaweka nyasi. Nikavuta pumzi kwa upande wa mdomo. Kisha nikasikia Mushobozi anaosha miguu, na Mugisha naye, na watu wanapiga makofi wimbo uanze.

Mushobozi ana miguu mipana inayobeba kahawa mpaka ziwani. Wa kwanza ulitua gotini. Wa pili ulitua kwenye mbavu. Mugisha yeye aliingia kwa kuruka.

"Hgh!" nikasema.

"Umesikia?" akauliza Mugisha.

"Ndizi zinapasuka," akajibu Mushobozi. "Kanyaga!"

"Mbona hapa pana mfupa?"

"Haijaiva hiyo. Kanyaga kwa nguvu!"

Walikanyaga kwa nguvu! Waliimba, wakageuka, wakarudi. Juisi ikaingia masikioni, ikaingia kwenye mikono ya kanzu, ikashuka mgongoni. Majani yakachanika, ndizi zikanijaa usoni, puani, kwenye ndevu. Nikavumilia. Nikamwaza Kemilembe. Mushobozi akasimama tumboni kwangu kupumzika, akawa anaongea na mtu. Nikavumilia! Mugisha akaweka kisigino kwenye pua yangu, akakizungusha. Nikavumilia hata hilo, na nataka mliandike mahali.

Lakini nyuki walisikia harufu. Mmoja akaingia kwenye mkono wa kanzu, akapanda taratibu, akafika kwapani.

Nikainuka.

Sikumbuki nilisema nini. Ami anasema nilipiga unyende kama beberu. Mushobozi akaruka nje ya obwato, akaangukia vibuyu. Mugisha akakaa mapajani mwangu, akanitazama, akapiga kelele kunishinda mimi. Wanawake wakatawanyika uwanjani. Majirani wakarukia ukuta. Na katikati ya vurugu yote hiyo, Ami Nasoro, mtu mzima, akanyoosha kidole na kusema kwa sauti kubwa:

"Amerudi kutoka Nyabiyonza!"

Mimi nimesimama ndani ya obwato, nachuruzika. Macho yamezibwa na ndizi, sioni kitu, nasikia matone tu yakidondoka. Lakini nilijua. Wanawake wote walikimbia isipokuwa mmoja, na huyo mmoja alikuwa amesimama mbele yangu. Basi, nikasema moyoni. Ndiyo imeisha. Nikaanza kujizoeza ukoko wa Ami.

Nikasikia hatua za taratibu kwenye nyasi. Halafu kitu laini kikaniangukia kichwani, kikanifunika mpaka mabegani. Kilinuka moshi, na nyumba ya zamani. Ilikuwa nguo ya gome. Ile ya mama yake!

"Mbona mmenyamaza?" ile sauti ya chini ikauliza. "Kuna mtu aliyemwona mkwe wangu?"

"Mama Kemilembe," akaanza Mzee, "si huyo hapo..."

"Ulimwona uso?"

"Uso..."

"Mushobozi, wewe ulikuwa karibu. Ulimwona uso?"

Mushobozi akajibu kutoka kwenye vibuyu. "Uso haukuonekana, mama. Ndizi tupu."

"Hata mimi," akasema mama mkwe. "Mkwe wangu yuko Nyabiyonza. Hapa nimeona ndizi."

Basi Mzee Kaijage akacheka! Yule mzee wa "hm" alicheka mpaka fimbo ikamponyoka, akaketi kwenye ngazi, akacheka tena. Majirani wakashuka ukutani. Uwanja mzima ukawa vicheko, na mimi chini ya gome nikacheka pia, nyuki bado yumo kwapani.

Mama mkwe akasubiri watulie. "Akirudi huko aliko," akasema, "mwambieni. Mtu aliyekubali kukanyagwa na wanangu wote wawili ili asinivunjie heshima, huyo anatujua. Binti ni wake. Na nguo ya mama abaki nayo, imeshalowa."

Akapiga hatua za kuondoka. Akasimama.

"Na aoge."

Nilipelekwa mtoni hivyohivyo, nimefunikwa gubigubi, Ami amenishika mkono kama bi harusi anayetolewa nje. Watoto wa Kituntu nzima nyuma wakiimba. Niliporudi nikakuta wale watu wamechuja yale maji ya ndizi na wanakunywa! Wanakunywa, jamani! Mzee akaniambia ni matamu sana, ila mwaka huu ndizi zina chumvichumvi. Ami alikuwa kwenye kibuyu chake cha pili, hakuthubutu kunitazama.

Vitu vimebaki barazani. Mzee amesema visiondolewe, watu waje kuviona, na kweli wameanza kuja, hata wa Kiruruma. Hawaangalii jembe wala kyanzi. Wanakwenda moja kwa moja kwenye obwato, na Ami anawaeleza vizuri sana: "Kichwa kilikuwa huku, miguu kule." Hapo haulizi mtu.

Harusi ni baada ya mavuno ya kahawa, nyote mnakaribishwa. Atakayeniita Ndizi siku hiyo atakula na nyuki. Na sasa mkishamaliza kucheka (najua mmeanza tangu mstari wa kwanza), sitaki pole yenu. Nitumieni sabuni.